Gwaride la Videvu Vitupu

Kikosini walimwita Afande Pamba, na jina hilo hakulipata kwa ulaini. Sajini Meja yule alikuwa na uso uliokauka kama gunzi, na sauti iliyoweza kumwamsha maiti na kumfanya atandike kitanda. Jina lilitokana na kitonge cha pamba alichotembea nacho kwenye mfuko wa shati. Asubuhi, askari wakishajipanga mstari, alipita akimpangusa kila mmoja kidevuni taratibu, kama mama anayemfuta mtoto uji. Uzi mmoja wa pamba ukinasa, hata ule usioonekana ila na mtu mwenye roho mbaya, mwenye kidevu alirudi bwenini mbio akanyoe upya, tena bila maji. Kuna waliodai kwamba walinyoa wakalala, wakaota wanapimwa pamba, wakaamka wakanyoa tena kwa usalama.

Basi mtu huyo alipostaafu, jambo la kwanza alilofanya ni kufuga ndevu.

Zikaota nyeupe, nzito, zenye adabu. Zilijipinda chini ya kidevu kama zilizopewa amri. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alitangaza mtaa mzima kwamba katika ndoa yake yote hakuwahi kujua kuwa ameolewa na mwanamume mzuri, serikali ilikuwa imemficha. Pale chuo cha udereva alikopata kazi ya kufundisha, wanafunzi waliokuwa wakimwogopa kama fisi walianza kumwamkia kama babu. Alizichana asubuhi kabla ya chai, akazichana tena baada ya chai kwa sababu ya makombo, na akipita mbele ya kioo cha duka alipunguza mwendo kidogo, kama mtu aliyesahau kitu.

Lakini chini ya ndevu zile kulikuwa na donda. Katika kikosi chake, anayestaafu hutembezwa kwa gwaride hadi langoni, bendi ikiwa mbele, wenzake wamesimama pande mbili, na mlinzi wa zamu anampigia saluti ya mwisho. Siku ya Afande Pamba bendi haikuwepo. Ilikuwa imekwenda kupiga kwenye harusi ya mtoto wa mkubwa mmoja. Aliambiwa avute subira, wiki ijayo watamuaga vizuri. Wiki ijayo ikaletewa udhuru, na iliyofuata ikasahau hata kuleta udhuru. Mwishowe alitoka kwenye lango lile juu ya gari la maji, begi mapajani, maji yakichuruzika nyuma yao barabara nzima. Kisa hicho alikisimulia kama mzaha. Mkewe alijua si mzaha, maana alikisimulia mno.

Ndiyo maana simu ilipolia asubuhi moja na sauti ya Mkuu wa Kikosi ikasema, "Afande, shikamoo," alisimama mguu sawa pale pale sebuleni, taulo kiunoni.

Mkuu huyo Pamba alimjua tangu akiwa kuruta asiyeweza kufunga kamba za buti lake. Ni yeye Pamba aliyemfundisha kushika wembe. Sasa kuruta amekua, amekuwa mkuu, na bado anamwita mwalimu wake afande. Jambo dogo kama hilo linaweza kumlewesha mstaafu kuliko pombe. Mkuu alieleza kwamba sherehe ya kikosi inakaribia, na safari hii anataka wastaafu wapite mbele ya jukwaa kuu ndani ya sare, wakibeba bendera ya kwanza ya kikosi, ile iliyofifia. Na Sajini Meja awaandae, kisha awaongoze. "Hukuagwa, afande," alisema. "Mimi nilikuwepo, niliona. Hii itakuwa yako."

Pamba aliuliza kitu kimoja tu: unadhifu. Mkuu akacheka, akasema taratibu ni zile zile, na yeye Pamba anazijua kuliko mtu yeyote aliye hai.

Alizijua kweli. Mstaafu ana ruhusa ya kuvaa sare siku kama hizo, lakini siku akiivaa hupimwa kama askari aliye kazini. Kidevu kitupu. Masharubu yasivuke pembe za mdomo. Nywele zisiguse sikio wala ukosi. Asiyetaka kunyoa aje na suti yake, akae kwenye viti vya wageni, anywe soda, hakuna atakayemgusa. Mkuu alikuwa amemvika mzee kilemba, na mzee hakukipapasa ajue kimefumwa kwa kitu gani. Ukoka nao ukiwa mbichi hunukia vizuri.

Alinyoa siku hiyo hiyo. Zilidondoka kwenye beseni bila kelele, na kwenye kioo akatokea mtu wa zamani, mdogo, mwenye taya la ukali lisilo na mtu wa kumkalipia. Mkewe alitupa jicho moja, akarudi kwenye cherehani.

"Kidevu hicho nilikivumilia ujana wangu wote, baba," alisema, mguu ukiendelea kusukuma. "Nilidhani nimemaliza zamu."

Hata hivyo alichukua suruali ya sare, akaipanua kiunoni kwa vipande viwili pande zote, akapiga pasi mpaka mstari wa mbele ukaweza kukata mkate.

Mazoezi yalifanyika Jumapili uani pa chuo cha udereva, katikati ya matairi mabovu na gari moja lililokosa milango kwa sababu ya mwanafunzi mmoja. Wastaafu walikuja: fundi bomba, muuza magazeti, dereva wa lori, mwenye duka la vyombo, na wengine ambao kazi yao ilikuwa kulalamika. Kila mmoja alikuja na ndevu zake kama anayekuja na mbuzi wake mnadani. Pamba alitoa kitonge mfukoni. Wazee walinung'unika, wakatukana chini chini, wakasema jeshi limeisha, mbona mzee huyu haishi. Lakini alipoita "Mguu sawa," visigino viligongana vyenyewe, na mikono ikajua mahali pa kwenda. Jumapili iliyofuata hakukuwa na ndevu hata moja, ila za mtu mmoja.

Hapo angeishia, tungekuwa na hadithi nyingine. Lakini mtu aliyesubiri gwaride muda wote huo haachi jambo likiwa zuri. Analifuata mpaka likome. Mvi hazikukatazwa popote. Ni yeye mwenyewe aliyeona kwamba kombania yenye vichwa vya rangi mbili inatia doa mstari, akaagiza wapake piko. Wakapaka. Vichwa vikang'aa kama viatu vipya. Fundi bomba alifungiwa mlango na mkewe, aliyedhani ni shemeji yake mdogo amekuja tena kula. Na ajabu ni kwamba walianza kutembea kama vichwa vyao: vifua vilitoka, magoti yakanyanyuka, kikohozi cha muuza magazeti kikaingia mstari na kusubiri amri. Pamba aliwatazama, akajisikia vibaya kwa furaha, kama mtu aliyekula kupita kiasi.

Kati ya waliokuja, aliyebaki na ndevu ni Mwiko peke yake.

Mwiko alikuwa koplo, mpishi wa mesi, na rafiki wa Pamba aliyezidi ndugu wa tumbo moja. Ngozi yake ilikuwa haipatani na wembe: akinyoa leo, kesho vipele vimetunga usaha shingo nzima. Kazini alikuwa na ruhusa ya daktari, na Pamba aliishuku ruhusa ile mpaka siku alipomkalisha Mwiko kwenye kiti na kumnyoa kwa mkono wake mwenyewe, ili amuumbue mbele za watu. Kesho yake uso wa mpishi ulikuwa umevimba kama unga uliozidishiwa hamira, na bado akampakulia Sajini Meja sahani ya kwanza, tena ya kushiba. Urafiki ulianzia hapo. Sasa kila Jumapili jioni walicheza drafti kwa vizibo vya soda, na ndevu za Mwiko zilikuwa zimefika kifuani, nyeupe kama povu, kiasi kwamba akiinama kufikiri zilikula kete mbili peke yake.

Alikuja mazoezini amevaa sare yake iliyonyooka, buti zinang'aa, ndevu zimemwagika juu ya vifungo.

"Koplo," Pamba alisema. "Ndevu."

"Nimeziona," Mwiko akajibu. "Nimetoka nazo nyumbani."

Mstari mzima ulicheka. Pamba hakucheka. Alieleza kwamba ruhusa ya daktari iliisha siku ya kustaafu. Mstaafu hana daktari wa kikosi, ana daktari wa mtaa tu, na huyo haamuru kidevu cha mtu. Anyoe, au aje na suti akae mbele kabisa na wageni, atamwekea kiti yeye mwenyewe.

Mwiko alimvuta pembeni, karibu na lile gari lisilo na milango. Alimkumbusha kwamba mwezi uliopita tu, yeye Pamba alikuwa na ndevu za kuchana mara mbili kwa siku. Pamba akasema ndiyo, na amezikata wa kwanza, kabla hajamwambia mtu.

"Zako zilikuwa pambo," Mwiko akasema. "Zangu ni ngozi yangu. Na siku ulipotolewa getini na gari la maji, ndugu yangu, nani alipanda nalo akakaa na wewe kule juu?"

Pamba alijua nani. Alitazama matairi. "Nikikuachia wewe," alisema, "nitamwambia nini fundi bomba?"

"Mwambie mimi ni rafiki yako."

Pamba aliendelea kuyatazama matairi. Mwiko alisubiri kidogo, kama anayesubiri sufuria ichemke, halafu akavua mkanda, akaukunja vizuri, akaenda zake. Jioni ile vizibo vya drafti havikutoka koponi. Mkewe Pamba alisema mengi, na yote aliyasema akiwa amempa mgongo: kwamba mtu hamfukuzi nduguye kwa ajili ya nywele, na kwamba jeshi likitaka kumpa mtu akili lingempa kabla ya kumpa kofia. Pamba akasema amesimamia haki. Mkewe akasema sawa, ulale nayo.

Alilala nayo. Haki, ukiilalia, ni godoro la mawe. Mara mbili alishika simu ampigie rafiki yake, mara mbili akaiweka. Alijipa moyo kwamba siku yenyewe Mwiko atakuja na suti, ataona mstari ulivyonyooka, ataelewa.

Siku ikafika. Kombania ya videvu vitupu ilishuka kutoka kwenye basi la kukodi, ikajipanga nje ya uwanja wa kikosi, ikaingia kwa hatua moja, mikono ikipanda mpaka usawa wa bega. Kuruta mmoja aliyekuwa akifagia alitupa ufagio akasimama mguu sawa. Afande Pamba alitazama mbele tu, lakini masikio yake yalikuwa yanakunywa.

Kapteni wa habari, mwanamke mwenye redio ya upepo kiunoni na haraka ya watu watatu, aliwapita mara ya kwanza bila kuwaona. Mara ya pili akasimama.

"Ninyi ni kombania gani?"

Pamba akampigia saluti, akasema wastaafu, afande, tayari kwa gwaride.

Kapteni aliwatazama toka kichwa cheusi cha kwanza chini ya bereti mpaka cha mwisho. "Wastaafu nimeshawapokea," alisema. "Hebu subirini nyuma ya hema." Akaondoka akizungumza na redio yake.

Nyuma ya hema kulikuwa na kreti za soda na nyaya za vipaza sauti. Wazee walisimama pale, jua likianza kuwapiga, kila mmoja akimtazama Sajini Meja kama abiria wanavyomtazama dereva gari likizimika. Mkuu wa Kikosi alikuja baada ya kitambo, nishani zikigongana kifuani, akamshika Pamba bega na kumsogeza mbali na wenzake. Alimsifu. Alisema hajawahi kuona wastaafu waliopendeza vile.

"Ndiyo shida yenyewe, afande," akaongeza. "Mgeni rasmi anataka kuwaona wazee. Picha zitakwenda kila mahali. Wewe ukipitisha hawa, watu wataona kombania ya kawaida, ila imekosa usingizi."

Pamba alidhani amesikia vibaya. Ndipo kupitia pengo la hema akaona mstari mwingine umejipanga upande wa pili wa uwanja. Ndevu. Ndevu nyeupe, ndevu za kijivu, ndevu za mbuzi, ndevu za nabii, zote zimetulia juu ya sare za kikosi zilizotolewa ghalani jana yake, mikunjo ya sanduku ingali inaonekana. Wawili watatu aliwafahamu, wale waliokataa kuja mazoezini. Mmoja alikuwa baba mkwe wa Mkuu, karani mstaafu wa posta ambaye hajawahi kushika silaha nzito kuliko muhuri. Alikuwa amevalishwa cheo cha sajini, tena kichwa chini miguu juu. Na mbele yao wote, mkanda umekaza, ndevu zimemwagika kifuani kama povu, alisimama Mwiko, na mlingoti wa bendera ya kwanza ya kikosi mikononi.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hawakusema ufanye nini ukishanyolewa, ukageuka, ukakuta mwenzako ameachiwa zake na kupewa bendera.

"Na taratibu?" Pamba aliuliza. Sauti yake ile ya kuamsha maiti ilitoka ndogo.

"Taratibu ni za askari, afande. Wale ni historia."

"Na mimi?"

Mkuu alitazama jukwaani, akatazama saa, akatazama nishani zake mwenyewe. Alisema wamewawekea viti, safu nzuri tu, kando ya jukwaa. Pamba akauliza jambo hili liliamuliwa lini. Mkuu akasema si zamani, wiki mbili hivi. Aliona picha ya Koplo kwenye simu ya mtu, akampitia nyumbani kwake, mzee akakubali papo hapo. "Nilidhani amekuambia," alisema, na kwa jinsi alivyolisema, ilionekana kweli alidhani hivyo, au kweli hakujishughulisha kudhani chochote.

Wiki mbili. Ina maana Jumapili ile ya mwisho, wakati yeye anawafokea wazee wa watu kuhusu urefu wa hatua, wakati fundi bomba anapaka piko mara ya pili kwa sababu ya kwanza ilitoka na jasho, Mkuu alijua, na Mwiko alijua. Mmoja aliona hapana haja ya kumpigia simu mzee. Mwingine alikuwa na simu, miguu, na kila sababu ya kuja kumcheka usoni, na hata kicheko hicho akamnyima. Laiti angekuja kumcheka.

Walikwenda kukaa. Hata wale ambao kazi yao ilikuwa kulalamika walinyamaza, na kimya chao kilimuumiza kuliko matusi. Mkewe alikuwa safu ya pili, nyuma yao tu, kitambaa kipya kichwani, amekuja kuona gwaride. Alimwona mumewe anakaa badala ya kupita. Aliangalia upande wa pili wa uwanja, akawaona wenye ndevu, akaelewa lote bila kuambiwa.

Bendi ilianza. Safari hii bendi ilikuwepo yote, na ngoma zake mpya. Mtangazaji akaomba watu wawapigie makofi wazee wetu, hazina yetu, na watu wakapiga, wakanyanyua simu. Mstari wa ndevu ukaja. Haukunyooka. Karani wa posta alikuwa anarusha mkono na mguu wa upande mmoja, kama ngamia. Umati ulipenda kila kosa. Kina mama walijifuta machozi, na mgeni rasmi akainama kumwambia jirani yake jambo la kusifu.

Bendera ya kikosi ikipita, kila aliyevaa sare husimama na kupiga saluti. Hilo halihitaji amri. Kombania ya videvu vitupu ikasimama kwa pamoja, viti vikarudi nyuma kwa mlio mmoja, na wote wakamsubiri Sajini Meja anyanyue mkono.

Afande Pamba alinyanyua mkono. Ulipanda vizuri, vidole vimeshikana, mpaka usawa wa jicho. Hapo ukaendelea. Ukashika bereti, ukaivua, ukaishusha pembeni mwa paja. Katika jeshi lake kichwa kitupu hakipigi saluti. Husimama wima tu, mikono chini, na hakuna afisa chini ya jua anayeweza kukifungulia shtaka. Sheria ile aliijua kama alivyozijua nyingine zote. Fundi bomba alimtazama, akasitasita, kisha akavua yake. Muuza magazeti hakuvua. Alipiga saluti huku analia. Wengine walifanya kila mtu lake, nusu hivi nusu vile, na mstari aliounyoosha Jumapili zote zile ukavunjika mbele ya watu.

Mwiko, akiwa amekaribia jukwaa, aliita "Macho kulia" kwa sauti ile ile aliyoitia askari chakula. Kichwa chake kikageuka kulia, na kulia kulikuwa na Pamba. Walitazamana kwa muda ambao mstari uliuchukua kupita. Ndevu za Mwiko zilicheza kidogo, kama mdomo uliomo ndani yake unatafuta neno. Halikutoka. Au lilitoka, bendi ikalifunika.

Juu ya jukwaa, Mkuu wa Kikosi, mkono ukiwa kwenye paji la uso, aliona kichwa cheusi kisicho na kofia kando yake, na kwa sekunde moja uso wake ukawa wa kuruta aliyefungiwa kamba za buti na mtu mwingine.

Bendera ikapita. Ilikuwa imefifia kweli; pindo moja lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa rangi isiyo yake. Afande Pamba alikuwa ameipigia saluti maisha yake yote ya kazi, kwenye mvua, kwenye homa, hata asubuhi aliyozaliwa binti yake wa kwanza, na leo ilimkuta mkono uko chini. Hakuinua mkono.

Kutoka safu ya pili mkewe alimgusa mgongoni, akamnong'oneza avae kofia, baba, watu wanatazama.

"Wananitazama sasa," alisema. "Waache kidogo."